Uso wa Chemutai Umebaki Ndani ya Diski

Hapana, Sharon, hiyo usiniambie. Ati kama tungekuwa na antivirus hayo yote hayangetokea. Antivirus ilikuwa! Ilikuwa kwa kila mashine, na kwa kila mashine ilikuwa imezimwa, na hata wewe ungekuwa hapa ungeizima. Windows yetu haikuwa ya kununua. Iliwekwa na jamaa mmoja wa kuzunguka na flash, na ndio iendelee kufanya kazi kulikuwa na kaprogramu kadogo ka kuidanganya ati imelipiwa. Sasa antivirus ikikaona hako kaprogramu, inakakula. Kakiliwa, screen inageuka nyeusi, inaanza kukusumbua mbele ya wateja. Basi unafanya nini? Unazima antivirus. Sisi tulizima, majirani walizima, Kitale walizima, Webuye walizima. Ni kama kufunga mbwa juu ya kubwekea mgeni wako, halafu unalala mlango wazi.

Naitwa Nanjala. Nimekaa kwa hiki kiti chenye Sharon amekalia saa hii tangu nimalize form four, na wiki hii ikiisha naondoka, narudi kwetu Kiminini kulima na mama. Sharon ananiita mstaafu. Ati tangu lini mtu anastaafu na hajafika thelathini? Acha acheke. Naandika hivi juu yake, na juu ya nyinyi wengine mnaokuja kwa hii kazi ya cyber mkidhani ni ya kukaa kwa kivuli na kubonyeza. Sitaenda kwa mpangilio. Nikikumbuka kitu naandika.

Mwenye duka ni Mama Swafiya. Watu wa Bungoma wanamjua, duka iko nyuma ya msikiti, rangi ya kijani imeanza kubanduka. Yeye ndiye alinifundisha kila kitu, na kitu ya kwanza kabisa haikuwa hata ya kompyuta. Siku yangu ya kwanza aliniambia, "Nanjala, mwanangu, hapa kuna foleni. Foleni inafuatwa. Lakini mtu wa msiba akiingia, foleni imekwisha. Humuulizi ako na nini, humwambii angoja, humwambii flash yake ni chafu. Unapokea kwa mikono miwili, unafungua."

Na ilikuwa hivyo. Hapa kwetu msiba ndio unalisha cyber. Vile vijitabu vya mazishi, zile eulogy, zenye picha ya marehemu mbele na orodha ya watoto na wajukuu ndani. Watu wanakuja wamevimba macho, mwili uko mochari, mazishi ni Jumamosi, na familia bado inabishana nani ataandikwa kwanza. Mimi nimeona wazee wazima wakigombana hapa nyuma ya mgongo wangu, mmoja anasema, "Andika nyumba kubwa kwanza!" mwingine anasema, "Futa huyo, huyo hatumjui!" Na mimi niko hapo katikati na kidole juu ya kibodi, ninaandika, ninafuta, ninaandika tena. Kuna mzee mmoja aliniambia nikiwa nimenyamaza kidogo, "Wewe msichana, kwani hiyo kompyuta imerara?" Haikuwa imelala. Ni mimi nilikuwa nangoja waache kupigana.

Na hakuna mtu anaanza eulogy kutoka mwanzo. Hiyo mjue. Unachukua ya marehemu wa wiki iliyopita, unabadilisha majina. Ndio maana lazima usome mstari kwa mstari kabla uchapishe. Mama Swafiya mwenyewe kuna siku alitengeneza ya katekista mmoja kutoka kwa ile ya mzee fulani wa Chwele, akasahau kubadilisha mahali pamoja. Padri akasimama kwa kaburi, akasoma kwa sauti, "Marehemu ameacha wajane watatu." Mke wa katekista aliangalia kushoto, akaangalia kulia, akauliza, "Wako wapi hao wengine?" Mama Swafiya akisimulia hiyo hucheka mpaka anajifuta machozi na mtandio. Siku hizi hasimulii.

Sasa ile siku.

Wanaume wawili waliingia kutoka Kitale. Ndugu yao alikuwa anafanya kazi huko, amefia huko, lakini anazikwa kwao huku karibu na Bungoma. Eulogy ilikuwa imeanzwa kwa cyber ya huko, wakaileta kwa flash wamalizie huku. Hiyo ni kawaida, misiba yetu mingi imegawanyika hivyo, mtu anaishi Trans-Nzoia na kaburi lake liko kwa baba yake. Mmoja alisema tu, "Dada, tuko na msiba." Nilisimama. Nilipokea flash kwa mikono miwili, vile nilifundishwa, na niliichomeka kwa mashine kubwa, ile yenye printa ya rangi, ile yenye kila kitu chetu kiko ndani.

Kulikuwa na folda imeandikwa PICHA ZA MAREHEMU. Nikabonyeza. Haikufunguka. Nikabonyeza tena. Yule mwanaume akasema, "Labda ni huzuni imeiingia pia." Tukacheka kidogo, wao pia walihitaji kucheka. Halafu ikafunguka, picha zikaonekana, tukamaliza kazi, wakachukua vitabu vyao wakaenda kuzika.

Mchana nikaenda kufungua barua ya mteja, ikakataa. Nikaangalia jina la faili, limeongezewa herufi za ajabu mwishoni. Nikaangalia ya chini yake. Hivyo hivyo. Zile alama za picha zote zilikuwa zimegeuka karatasi nyeupe, nyeupe, nyeupe, mpaka mwisho wa folda. Ndani ya kila folda kulikuwa na barua fupi ya Kiingereza, ati vitu vyenu tumevifunga, mlipe kwa pesa ya mtandao ndio tuwape ufunguo.

Nilimwita Mama Swafiya. Alisoma akiwa amesimama. Akasema, "Si tuko na ile diski ya nje?"

Tulikuwa nayo. Ilikuwa imechomekwa hapo nyuma ya mashine, mahali imekuwa imechomekwa tangu inunuliwe. Nayo ilikuwa nyeupe yote. Hao wezi walipitia chumba cha mbele wakaingia mpaka stoo, juu mlango wa stoo tuliuacha wazi. Andikeni hii mahali: diski ya kuhifadhi ukishamaliza kunakili, ichomoe, ifungie mbali. Mimi niliijua hiyo baadaye, ikiwa haina kazi.

Mnajua tulipoteza nini? Sharon anafikiria ni barua na CV. Hapana. Pale kwa kona kuna kitambaa cha bluu kimepigwa misumari. Hapo ndio watu husimama wapigwe picha ya passport. Watu wanashuka kutoka mlimani, wanatoka mashambani, wanakuja kwa sababu ya kitambulisho, ya chuo, ya bima. Wengi wao hiyo ndiyo picha ya pekee wamewahi kupigwa uso ukiwa umesimama wima na mtu amewaambia, "Angalia hapa." Unawapa zile ndogo, wanazimaliza kwa fomu za serikali, na ile kubwa inabaki kwa mashine yetu. Hatukuwa tumelifikiria hilo. Tulikuwa tunakaa na nyuso za watu na hatujui.

Chemutai alikuwa msichana wa Cheptais, huko juu mlimani. Alikuja na mama yake, mama anauza vitunguu hapa sokoni siku za soko. Nilimwambia Chemutai, "Usicheke, hii ni ya kitambulisho." Ndio akazidi kucheka. Mama yake akamwambia kitu kwa lugha yao, kwa ukali, na yeye akaziba mdomo na mkono, mabega yakitetemeka. Nilipiga wakati ametoa mkono. Mdomo umefungwa lakini macho bado yanacheka. Ilikuwa picha nzuri. Mimi si wa kujisifu, lakini hiyo ilikuwa nzuri, mpaka nilimuita Mama Swafiya aje aione.

Mwaka haukuisha vizuri kwake. Aliumwa, akapelekwa hospitali Webuye, akarudishwa, akafa. Walimzika haraka bila kitabu, hali haikuruhusu. Kitambulisho chake kilirudishwa kwa serikali wakati wa kuchukua cheti cha kifo, ndio sheria. Simu yake ilikuwa kabambe, ile ndogo ya vitufe, haipigi picha. Mama yake alikaa matanga yakaisha, akaja hapa kwa duka na kikapu chake, akaniambia, "Msichana wangu, nimekuja nipewe Chemutai. Umtoe akiwa mkubwa, niweke kwa ukuta."

Hiyo ilikuwa baada ya ile flash. Mashine ilikuwa tayari imefunguliwa vyuma, iko sakafuni.

Ningemwambia nini? Nilimwambia, "Mama, mashine ni mgonjwa kidogo. Ngoja kidogo."

Nilibeba ile mashine mpaka Kitale kwa Fundi Simiyu. Fundi Simiyu ako na kibanda kando ya barabara, kimejaa kompyuta zilizokufa mpaka yeye mwenyewe anakaa nje. Ni mtu wa maneno machache na dharau nyingi. Aliiwasha, akaangalia, akaizima.

"Ni nani alichomeka?"

"Ni mimi. Ilikuwa flash ya msiba."

"Hmm. Na antivirus?"

"Ilikuwa imezimwa."

"Hmm," akasema tena. Hakuniuliza kitu ingine kuhusu hiyo. Alichomoa diski, akanipatia mkononi. "Hii usiifute. Iweke. Siku ingine kuna watu hutoa ufunguo bure, huwezi jua. Na mashine nitakuwekea diski ingine, na sikuwekei Windows. Nakuwekea Linux."

"Hiyo ni nini?"

"Ni ya bure. Bure ya kweli, si ya kuiba. Haina haja ya kudanganywa ati imelipiwa. Na hizo takataka za flash hazijui kuongea lugha yake."

Nilikaa kwake siku nzima akinifundisha. Kitu ya kwanza alinipatia ile screen nyeusi, akaniambia andika password. Nikaandika. Hakuna kitu kinaonekana, hata nyota. Nikaandika tena kwa nguvu. Nikamwambia, "Fundi, kibodi yako imekufa." Alinicheka mpaka muuza miwa wa jirani akauliza kuna nini. Password ya huko haionekani ukiandika, inaingia tu kimyakimya. Mtu wa kwanza kuwaambia hiyo ni mimi, msije mkapigapiga kibodi kama mjinga.

Halafu akafanya kitu chenye sitasahau. Nilikuwa nimebaki na ile flash ya wale wanaume, walisahau. Akaichomeka kwa Linux. Ile folda ya PICHA ZA MAREHEMU ikatokea, na haikuwa folda. Ilikuwa programu imevaa nguo za folda, jina lake linaishia exe, iko uchi hapo mbele yetu. Zile picha za kweli zilikuwa zimefichwa kando. "Unaona?" Fundi Simiyu akasema. "Windows yenu ilikuwa inaona hii yote, na haikuwaonyesha." Kitu kidogo hivyo. Unakiangalia, hakifanyi kitu, kimekaa tu.

Tulibadilisha mashine zote. Kazi ingine ilikuwa nzuri, siwezi kudanganya. Mtu akileta flash imejaa shortcut tupu, ati faili zake zimepotea, unaichomeka kwa Linux, vyote vilivyofichwa vinaonekana, unamtolea, anakuita daktari. Mashine za zamani zikawa na nguvu. Hakuna mtu wa kuzunguka na flash ya kudanganya.

Lakini wateja walianza kuondoka. Mmoja aliingia, akaangalia screen, akasema, "Aii, mbona kompyuta yenu imevaa nguo ingine? Hii si Windows? Basi wacha." Akatoka. Mwalimu mmoja alileta mtihani wake, tukaufungua, maswali yakahama, namba saba ikaenda ukurasa mwingine peke yake. Na eulogy, bana. Eulogy zote za huku hutengenezwa kwa Publisher, programu ya Windows, na Linux ikifungua ya Publisher inaitapanya, picha inakaa juu ya jina, mistari inapandana. Nilijaribu kutengeneza upya kwa Draw, programu tuliyokuwa nayo kwa Linux, na nilifika mahali nazitengeneza vizuri, vizuri kabisa. Lakini mtu wa msiba hana muda wa kungoja ujifunze. Anaenda jirani. Na jirani bado amezima antivirus yake, anapokea kila flash, anacheka. Sijui ni bahati gani hiyo.

Mama Swafiya hajawahi kunilaumu hata mara moja. Ningependa anilaumu. Anakaa tu kwa mlango, mtu akipita anasema, "Karibu," na huyo mtu anapita tu. Jioni anafunga, ananiambia, "Mungu ndiye mpaji, mwanangu." Printa ya rangi ameiuza.

Na Mama Chemutai anakuja. Kila siku ya soko, akishauza, kabla apande kwao mlimani. Anakaa kwa benchi, anaweka kikapu kati ya miguu.

"Imefunguka?"

"Bado, mama."

"Haya. Hata mimi nilikuwa nasema labda bado." Halafu anatoa fungu la vitunguu, analiweka kwa meza. "Muende mpike."

Nikikataa anakasirika. Kwa hivyo vitunguu viko hapo chini ya meza, Sharon, ndio hiyo harufu ulikuwa unauliza. Hakuna mtu hapa ameweza kuvipika. Vingine vimeota majani.

Diski yenyewe iko kwa droo, imefungwa kwa leso ya Mama Swafiya. Kuna wakati Mama Chemutai aliomba aione. Nilimfungulia. Aliishika, akaigeuza, akauliza, "Ako upande gani?" Aliirudisha polepole, vile mtu hurudisha mtoto wa wenyewe.

Jana niliibeba tena Kitale. Nilifikiria kabla sijaacha kazi nijaribu mara ya mwisho. Fundi Simiyu aliichomeka, akatafuta kwa mtandao jina la ule ugonjwa, akasoma kitambo. Akaichomoa.

"Nanjala," akasema. Huwa haniiti kwa jina. "Hii aina haina ufunguo wa bure. Hakuna. Na wale walioifunga hata ukiwalipa leo, wameshaondoka hapo walipokuwa."

"Si ulisema niiweke? Si ulisema huwezi jua?"

"Nilisema hivyo juu ulikuwa unalia mbele ya kibanda yangu. Ungetaka niseme nini? Mimi tangu nianze hii kazi sijaona moja imefunguka."

Ebu fikirieni. Zile siku zote za soko. Huyo mama anabeba vitunguu kutoka mlimani, anauliza, mimi nasema bado. Hiyo "bado" yangu ilitoka kwa mtu mwenye alikuwa ananibembeleza, na mimi nikampatia huyo mama kama dawa.

Leo asubuhi nimemwambia Sharon hayo yote. Na Sharon, wewe ni mtu mzuri, lakini umeniambia, "Si uendelee tu kumwambia bado? Hiyo 'bado' yenyewe ndio anakujia. Atarudi nyumbani akiwa sawa." Halafu ukasema, "Ama umpige yeye mwenyewe picha. Kwani hawafanani? Unamtoa mikunjo kidogo."

Nilikukaripia, na sitakuomba msamaha. Huwezi kumpa mtu uso wake mwenyewe umtolee mikunjo halafu umwambie huyu ni mtoto wako. Na kuhusu bado: wewe ndiye utakuwa kwa hiki kiti wiki ijayo. Siku ya soko atakuja, atakaa hapo kwa benchi, na utaisema wewe. Utaisema vizuri, na ya pili itakuwa rahisi, na atazeeka akipanda na kushuka huo mlima. Sitaki akuachie vitunguu.

Na sitaki aambiwe hapa pia, mbele ya watu wa kuscan na kuchapisha, na kikapu kati ya miguu, halafu apande gari na hiyo habari peke yake.

Sina kitu ya kuwaachia nyinyi wa hii kazi chenye kinatosha. Wekeni Linux kwa mashine moja tu ya kufungulia flash, hata kama zile zingine mtabaki na Windows. Flash ya msiba ipokeeni kwa mikono miwili, mpeni mwenye msiba kiti, na mkiwa mmesimama na heshima yenu yote ichomekeni huko kwanza. Picha ya mtu mkishampiga, mpeni ile kubwa aende nayo, hata kama hajaomba. Haya. Lakini Chemutai hayo hayamsaidii.

Mama Swafiya amenipatia diski na leso yake, ati kama mama ataitaka achukue, na hizo nyuso zingine ziende kukaa naye. Kesho asubuhi napanda Cheptais na gari ya kwanza. Najua atanikaribisha, najua atakimbilia jikoni. Nitamwambia nikiwa bado nimesimama mlangoni, kabla hajaweka chai kwa moto, juu nikishakalishwa na nikanywa chai ya huyo mama, nitasema bado.